Nne kwa Tatu

Siku ya Mtakatifu Martino pesa hufa.
Haziugui. Jana zimenunua bata bukini,
leo mpiga mbiu kasimama mlangoni pa kanisa, kasema zimekufa,
na aliye nazo azipeleke mezani kwa Askofu,
nne za zamani kwa tatu mpya.
Ile ya nne haiulizwi inakwenda wapi.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba ni cha Askofu.

Tulikuwa nazo ishirini na nane.
Mama alizihesabu usiku juu ya ubao wa kukandia,
akanikataza kupumua karibu,
kwani zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu
na zimechapwa upande mmoja tu:
Askofu ameketi, mkono huu fimbo, mkono huu upanga,
sikio moja kubwa kuliko jingine.
Ukiigeuza, nyuma hakuna kitu
ila Askofu yuleyule, kwa ndani,
amebonyea
kama godoro la majani mtu akishaamka.

Chapa ile aliichonga baba.
Hakuwahi kumwona Askofu. Nani kamwona?
Hupita na farasi arobaini, sisi tukitazama matope.
Waliambiwa tu: tunataka uso wa mtu mkubwa.
Baba akajaza ndoo maji, akainama,
akachonga alichokiona.
Maji yaliugeuza uso, chuma kikaugeuza tena,
na sikio la Volkmar likarudi mahali pake, kushoto,
likaenda sokoni,
likanunua chumvi, likalipa faini, likawekwa kwenye macho ya maiti.
Nyumbani tulicheka kimyakimya.

Machi kifua kilimbana, Aprili tukamzika.
Chapa yake waliivunja kwa nyundo, ndiyo sheria,
wakaleta fundi kutoka Goslar.
Askofu wake ni mzuri. Masikio sawasawa.

Mezani alikaa Ekbert, mvunja fedha,
kucha ndefu za kuokotea vitu vyembamba.
Nne. Nne. Nne.
Mara sita alisukuma, mara sita alirudisha tatu.
Zikabaki tatu za zamani peke yake.
"Imepungua moja, Reinswit.
Ilete, nikupe tatu mpya.
Usipoileta, hizi hazitimizi fungu, si pesa, ni mabati."

Mama hakujibu.

"Umeiangusha njiani? Mtume mtoto akatafute."

Mimi nilijua. Ishirini na nane, usiku ule, juu ya ubao.
Na nilijua tatu mpya ni nini: viatu vyangu,
vimeshapimwa kwa kamba, vinangoja kwa fundi
karibu na lango la mashariki.
Nikafungua mdomo.
Mama akanifinya shingoni kwa nguvu
ambayo hadi leo sijaisamehe sawasawa,
akatikisa kichwa, midomo imefungwa,
na Ekbert, aliyezoea wajane wenye kiburi,
akaita anayefuata.

Tulipovuka daraja ndipo alipotema.
Ilikuwa chini ya ulimi, tangu alfajiri,
tangu tulipotoka bila yeye kunisalimu.
Ilimeremeta kiganjani, ya moto, ina mate,
sikio kushoto.
"Viatu," nilisema.
"Najua," akasema.

Baridi ile nilifunga miguu kwa magunia.
Kidole kidogo cha mguu wa kulia sinacho.

Tangu hapo nimebadilisha pesa mara thelathini na moja,
maaskofu watatu, nimepoteza hesabu ya zile za nne.
Hii haijapita mezani kwa mtu.
Wanangu hudhani ni kipande cha kitu, kifungo labda.
Upande wa mbele sikio limefutika,
mama aliligusa mno, kisha mimi.
Upande wa nyuma, kwenye shimo,
ambako vidole vyetu ni vinene mno kuingia,
bado lipo zima,
limetegwa kwa ndani.